Kufaktorize polinomu mu grupu: grupu inapata, mutoto peke yake hapati, nifanye namna gani?

mwalimu_kadutu (Bukavu)

Jambo yenu bote, zaidi sana balimu ba hesabu. Niko nafundisha huku Bukavu, mwaka ya kwanza ya umanite, sekisio siyantifike, banafunzi 64 mu kalasi moja, banki zingine zinabeba batatu na zingine bane. Hii ni wiki ya tatu tuko mu kufaktorize (kuandika polinomu sawa kuzidisha tu) na minaona tunapotea.

Tangu nilianza kazi nafanyaka sawa vile balinifundishaka: naandika ku tablo, banakopia mu kaye, natoa mazoezi, batoto batano ba mbele banajibu, tunapita ku somo ingine. Mwaka hii nikasema apana, nijaribu grupu, juu ku formasio moja ya balimu balituambia batoto banashika muzuri kama beko naelezana. Basi nikakata kalasi mu grupu 8, kila grupu batoto 8, karatasi moja, mazoezi 10. Walai nilifurahi, grupu 6 zilipata 8 ao 9 juu ya 10. Siku tatu kisha natoa intero (mutihani kidogo), kila mutu na karatasi yake, mazoezi ni yale yale nilibadilisha tu namba, na pale njo nilivunjika moyo. Mutoto mwenye grupu yake ilipata 9 ananiandikia

x² + 5x + 6 = x(x + 5) + 6

na anapiga mistari mbili chini ya jibu sawa mutu mwenye amemaliza kazi. Mwengine x² + 9 = (x + 3)². Mwengine 3x² – 12 = 3(x² – 4) na anaachia pale. Nilihesabu, nusu ya kalasi habakufika 5 juu ya 10.

Nikikumbuka muzuri ile siku ya grupu, nilikuwa napita kati ya banki na niliona kabisa, mutoto moja eko naandika, moja eko namwambia kya kuandika, na bale sita beko naongea mambo ya mupira ao beko naangalia ziwa ku dirisha, lakini juu karatasi ilikuwa iko najaa mi nikafikiri kazi iko natembea. Prefe, mukubwa wa masomo, naye alipita akauliza hii kelele ni ya nini.

Swali yangu ni hii: shida ni grupu yenyewe ao ni namna nilizitengeneza? Sitaki kurudilia kukopia tu, juu kusema kweli ata zamani intero zilikuwaka vilevile, nilikuwa najifariji tu nasema batoto habasome nyumbani.

hesabu_goma (Goma)

Mwalimu mwenzangu, pole, nimepitia hapo hapo. Watoto 8 kwa karatasi moja ni wengi mno, mikono miwili mitatu tu njo inaifikia, wengine hata wakitaka kuona hawaoni. Mimi huku Katindo sipitishi 4. Wa banki ya mbele wanageuka tu wanaangaliana na wa nyuma yao, hakuna banki ya kusukuma, dakika moja wameisha kaa. Banki ya watatu inasumbua kidogo, ninamwomba wa kando asogee kwa jirani, unazoea.

Kisha kila mtoto anapata namba, 1 mpaka 4. Niko na kopo la maziwa, ndani mawe manne, haya mawe meusi ya volkano hayatukosi huku, nimeandika namba juu yake na rangi nyeupe. Makundi yanafanya zoezi, mi natikisa kopo, natoa jiwe, likiwa la 3 basi namba 3 wote wanasimama, nachagua mmoja aje ku tablo aeleze, na pointi atakayopata njo pointi ya kundi lote. Hakuna anayejua kabla. Hapo utaona yule mwenye akili wa kundi anaanza kufundisha wenzake kwa nguvu zote, juu akibaki na ujuzi peke yake na jiwe likamwangukia mwenzake wote wamepoteza. Si mimi niliyeivumbua, Spencer Kagan wa Marekani njo aliieneza pamoja na nyingine nyingi, na ndugu wawili David na Roger Johnson wa chuo kikuu cha Minnesota wameandika sana juu ya jambo hilo hilo, kwamba kundi linatembea kama kila mmoja anamhitaji mwenzake na kila mmoja anaulizwa kivyake. Kwako, mwalimu, yote mawili hayakuwepo, mtoto wa tatu mpaka wa nane hakuna aliyemhitaji na hakuna aliyemuuliza.

Halafu mazoezi 10 ni mengi. Yanawasukuma wamwachie mmoja amalize haraka. Mi naanzaka na kadi 12, nakata kartoni za sabuni, kila kadi polinomu moja: 6x³ + 9x², x² – 49, x² + 10x + 25, x² + 5x + 6, 4x² + 9, na zingine. Kazi ya kwanza hakuna kuhesabu, kalamu chini. Wapange tu, zipi ziko na kitu cha pamoja cha kutoa nje, zipi ni tofauti ya mraba mbili, zipi ni mraba kamili wa binomu, zipi ni za kutafuta namba mbili, na zipi zinakataa. Utashangaa mabishano. Ile 4x² + 9 kila mwaka inawekwa pamoja na x² – 49 na watoto wanagombana dakika kumi juu ya alama moja ya kuongeza, mimi nauliza tu kwa nini umeiweka hapo, sisemi kingine.

Na yule wa x(x + 5) + 6 nakuomba usimpige tu kalamu nyekundu ukapita. Yule mtoto anafikiri kufaktorize ni kutoa kitu nje ya mabano, na kweli ametoa. Hajui kwamba mwisho lazima ibaki kuzidisha peke yake. Mwambie aweke 10 mahali pa x afanye hesabu: 10 mara 15 ni 150, halafu anaongeza 6. Muulize, kitu cha mwisho umefanya ni nini? Nimeongeza. Basi bado. Swali hilo moja limenisaidia kuliko sheria zote nilizokuwa najaza tablo nzima.

profu_katuba (Lubumbashi)

Jambo ba profu. Mi niko Lubumbashi, Katuba. Naitika na ndugu wa Goma lakini niongeze yangu, juu kuko kintu moya ilinichoma.

Mi natumikaka na ile namna ya Elliot Aronson, aliianzaka mu 1971 kule Austin mu Texas, pale batoto beusi na beupe balikuwa bameisha kuchangwa mu masomo moya na mu kalasi habakuwa banasikilizana. Somo inakatwa mu bipande, kila mutoto na kipande kyake, na benzake habawezi kukipata fashi ingine paka kwake. Kwangu nakata faktorizasio mu bipande bine: kutosha (kutoa) kya pamoya, kukamata mbili mbili, tofauti ya kare (mraba) mbili, na trinomu (ya sehemu tatu, sawa x² + 5x + 6). Ba namba 1 banakutana banasoma ya kwanza, ba namba 2 ya pili, vile vile mpaka 4 (kama beko mingi sana nabakata tena bane bane), dakika 20, kisha kila mutu anarudia mu grupu yake anafundisha benzake. Ata batoto ba haya banasema, juu hakuna mwengine wa kusema ile kintu.

Sasa kyenye ilinichoma. Mwaka ya kwanza ya kujaribu, fundi wa trinomu (mutoto mwenye alisoma kile kipande) mu grupu moya alirudia na x² + 5x – 24 = (x – 8)(x + 3). Alifundisha na roho yake yote, alifundisha muzuri kabisa, na grupu yote ikashika ile mubaya. Mi sikuona, juu kelele ilikuwa kelele ya kazi. Ikanikamata wiki mbili kuitosha mu bichwa yabo, mutoto anaaminia mwenzake kupita vile anaaminia mwalimu.

Tangu pale hakuna fundi anarudia mu grupu bila kupita ku kontrole. Ya kwanza ni kudevelope, afungule mabano aone kama anarudia kwenye alitoka. Ya pili ni ile 10 ya ndugu wa Goma, lakini uiweke pande zote mbili. x² + 5x – 24 inatosha 126. (x – 8)(x + 3) ni 2 × 13, inatosha 26. Mubaya, hakuna kubishana na mwalimu. (x + 8)(x – 3) ni 18 × 7, 126, yee ile. Musiweke 0, juu zote mbili zinatosha –24 na mutoto atafurahi bule. Ile x² + 5x + 6 inatosha 156, na 156 ni 12 × 13, batoto banapenda sana juu banaona (x + 2)(x + 3) ndani ya namba. Na ule wa x² + 9, umuache aweke 10, huku 109 huku 169, atajisahihisha peke yake. Lakini muchunge, 10 inakuonyesha tu kama jibu yako ni mubaya, haikuambie kama polinomu inagawanyika: x² + 4 inatosha 104, na 104 ni 8 × 13, ila x² + 4 haigawanyike. Na ata namba zikikutana bado afungule mabano, juu namba moya inaweza kukutana bahati tu.

neema_b (Bukavu)

Samahani mi siko mwalimu bado, niko nasoma hesabu ku ISP, chuo ya balimu, hapa Bukavu, lakini nataka niseme ya upande ya mwanafunzi juu hakuna mwenye ameigusa.

Mi nilikuwa ule mwenye kuandika. Kila grupu, tangu mwaka ya saba, balikuwa bananipa kalamu juu niko na mwandiko muzuri na juu niko binti. Nilikuwa naandika majibu ya bavijana, na regle, na rangi mbili, na sikuwa naelewa mustari ata moja. Ungeangalia grupu yetu kutoka ku tablo ungesema mimi njo natumika kupita bote, balimu balikuwa banainua karatasi yetu banaonyesha kalasi. Kufaktorize nilikuja kuielewa na miaka 17, nyumbani, dada yangu mukubwa alinikatia kartoni: kare moja kubwa (x²), bipande 5 birefu (x), kare 6 ndogo (1), akaniambia ujenge mustatili moja na hizi zote, usiache ata moja. Nilijaribu nikajaribu. Mwisho upande moja ikawa x na 2, upande ingine x na 3. Nililia kidogo, juu ilikuwa tu ile, na miaka yote nilikuwa naandika (x + 2)(x + 3) ya batu bengine.

Mwalimu wa Kadutu, ule mutoto wa kwanza mwenye ulisema eko naandika, nakuomba umuangalie. Kalamu isikae mu mukono moja. Kila mustari wa hesabu kalamu ihame, na mwenye anaishika aseme kwanza kwa nini kabla hajaandika. Itachelewesha, najua.

mzee_wa_chaki (Bukavu)

Wadogo zangu, nawasalimu. Nimekula chaki miaka 31 na nimewasoma wote kwa furaha, sikujua kama bado kuna walimu wanaokesha wakibishana juu ya trinomu. Lakini mnaruka jambo moja. Mtoto asiyejua meza ya kuzidisha, hata umweke kati ya wenye akili watatu, hatapata namba mbili ambazo ukizizidisha zinatoa –24 na ukizijumlisha zinatoa 5. Polinomu haijamshinda, kilichomshinda ni 3 mara 8. Na aibu ya kutojua 3 mara 8 kwa umri wa miaka 15 mbele ya wenzake watatu ni kubwa kuliko aibu ya kutojua mbele ya mwalimu, kwa hiyo atanyamaza, na kundi litafikiri ameelewa.

Mimi ningeanza kila somo na dakika tano za kimya, kila mtu peke yake: andika jozi zote za namba zinazozidishana kupata 24, kesho 36, keshokutwa 60, pamoja na zile zenye alama ya kutoa. Meza ikisimama, ndipo mwende kwenye makundi. Msisahau pia kwamba siku ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mtoto anakaa peke yake, hapo hakuna kopo wala jiwe.

hesabu_goma (Goma)

Mzee wetu, shikamoo. Ile ya aibu umenifungua macho, na dakika tano za jozi nazichukua kesho asubuhi. Ila tukisubiri meza isimame kwanza kwa wote tutafika mwezi wa saba bado tunasubiri, afadhali viende pamoja. Ninachofanya, kabla ya kundi kila mtoto anafikiri peke yake dakika mbili kimya, halafu wawili wawili, halafu wanne, Frank Lyman alipendekeza kitu kama hicho tangu 1981 na hakigharimu hata chaki. Mtoto akiingia kwenye kundi tayari ameandika kitu chake, hata kama ni kibaya, anakuwa na cha kusema.

Juu ya Exetat, ile ni maswali ya kuchagua jibu, na mtoto mwenye mazoea ya kuweka 10 anafuta majibu mabaya haraka sana peke yake kwenye kiti chake.

mwalimu_kadutu (Bukavu)

Narudi, samahani nilikawia, nilitaka nijaribu kwanza. Aksanti sana kwenu bote, Mzee aksanti, dada Neema aksanti zaidi.

Nilifanya grupu 16 za bane bane. Mawe sina nikakamata bifuniko bya chupa. Kadi nilikata mu kartoni za biskuti zenye nililomba ku boutiki moja pa Nyawera, usiku mzima mi na bibi yangu, kadi 12 mara grupu 16 ni 192, sikufikiria ile kabla ya kuanza hahaha. Kwanza dakika tano za Mzee, jozi za 24, na niliona kwa macho yangu, batoto kumi na kitu balishindwa kufika ata ku jozi tatu. Njo nikaelewa sehemu ingine ya intero yangu. Kisha kadi. Hatukuenda mbali, ndani ya dakika 50 tulimaliza kupanga na tukafaktorize mbili tu, nilikuwa na aibu juu programu inanifukuza. Ile 4x² + 9 ilileta vita sawa vile mulisema. Na ule wa 3(x² – 4), nilimuambia aweke 10, akapata 3 × 96, akasema mwisho nimezidisha basi imeisha, mwenzake akamwambia lakini 96 yako ni 8 × 12, uangalie ndani. Mi sikufungua kinywa.

Kyenye kilinigusa ni hiki. Zoezi ya pili ilikuwa 2x² + 7x + 3. Kifuniko kikatoka 4, nikaita namba 4 ya grupu ya ku dirisha, binti mwenye njo alikuwa naandika ile siku ya kwanza, tangu mwezi wa tisa sijasikia sauti yake. Akakata 7x kuwa 6x na x, akaandika 2x(x + 3) + 1(x + 3), akasimama. Kalasi ikaanza kupiga makofi juu baliona mabano mbili zenye zinafanana. Akageuka akasema apana, bado, juu nikiweka 10 mwisho niko naongeza. Na akaendelea mpaka (2x + 1)(x + 3). Prefe alikuwa ameingia, alikaa ku banki ya nyuma mpaka mwisho, hakuuliza kelele.

Lakini sasa shida ingine: ku ile mustari ya 2x(x + 3) + (x + 3), batoto mingi banatosha (x + 3) na banaandika 2x(x + 3) tu, ile 1 inapotea kabisa. Nimewaeleza mara tatu, grupu nazo zinaelezana vilevile mubaya. Muko nafanya namna gani?

profu_katuba (Lubumbashi)

Proficiat profu, salimia ule binti.

Ile 1 inapoteaka kila fashi. Usielezee tena. Bape 10 mu mukono: 2x² + 7x + 3 inatosha 273. Yabo 2x(x + 3) ni 20 × 13, 260. Uulize grupu, kunapunguka ngapi? 13. Na 13 ni nani mu hii hesabu? Baache batafute. Banarudia ku mustari, banaona (x + 3) ya pili njo ile 13, balikuwa bameitupa. Mutoto mwenye ameisha kutafuta ile 13 yake yenye ilipotea, anaandikaka 1 mbele ya mabano na mukono yake, ata haumulombi.

mwalimu_kadutu (Bukavu)

Eh! Kesho saa ya pili naanza na ile 13.